Aliyenipiga Teke Sijamwona Mpaka Leo

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, bonanza la maveterani, kipindi cha kwanza hakijafika nusu. Beki wao alirudisha pasi fupi kwa kipa, nami nikaiona mapema. Nikaukita mguu wa kushoto ardhini ili nichomoke. Paa! Mlio mkavu kama wa mwanzi unaovunjiwa gotini, na papo hapo pigo zito nyuma ya mguu, vidole vitatu juu ya kisigino. Nikaanguka, nikageuka kwa hasira kumtafuta aliyenipiga teke. Mtu wa karibu kuliko wote alikuwa hatua kumi nyuma yangu, kasimama, mikono kiunoni, anashangaa nimeangushwa na nini.

Maumivu hayakuwa makali kama mlio ulivyonitisha. Yalidumu dakika chache kisha yakapoa, na hilo ndilo lililoniponza. Nilipokanyaga niliuona mguu hauna nguvu, kama ninayetembea juu ya godoro. Wakanibeba mpaka chini ya mwarobaini, ikatolewa chupa ya mafuta ya kuchulia, na mzee wetu anayekanda kila anayeumia akanishika mguu. "Msuli umehama njia," akasema. "Vumilia mwanangu, siku tatu tu." Akachua kwa dole gumba, juu chini, juu chini, mimi nikiguna na wenzangu wakinicheka.

Nilivumilia siku 11.

Katikati ya siku hizo nilikwenda kituo cha afya cha jirani. Nikapigwa eksirei, mifupa ikaonekana mizima, nikaambiwa kifundo kimeteguka, nikapewa vidonge vya maumivu na bandeji. Simlaumu aliyenihudumia. Eksirei inaonyesha mfupa, haionyeshi kano, na mimi mwenyewe nilimwonyesha kwamba naweza kuvisukuma vidole chini nikiwa nimelala. Mtu ambaye kano yake kubwa imekatika anawezaje kufanya hivyo? Anaweza, kwa sababu kuna misuli mingine midogo inayopita nyuma ya kifundo kwenda kwenye unyayo na vidole, nayo hujitutumua kufanya kazi ya mkubwa wao. Ndiyo maana jeraha hili hukosewa hata katika nchi zenye vifaa vyote. Madaktari wa mifupa hukadiria kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano hupita mikononi mwa mhudumu wa kwanza bila kugundulika.

Aliyenigundua hakutumia mashine. Alikuwa daktari bingwa wa mifupa, kijana kwangu kwa miaka kadhaa, mpole wa maneno. Aliniambia nilale kifudifudi, nyayo zining'inie nje ya kitanda. Akaliminya shavu la mguu wa kulia. Unyayo ukainama kidogo, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Akaliminya la kushoto. Kimya. Akaminya tena, unyayo ukabaki unaning'inia vilevile. Kipimo chenyewe ni hicho, sekunde tano, bure. Simmonds wa Uingereza alikieleza mwaka 1957 na Thompson wa Marekani mwaka 1962, na vitabu hukiita kwa jina la mmoja au mwingine kutegemea kitabu kimetoka wapi. Kisha akaweka kidole changu mwenyewe nyuma ya mguu, juu ya kisigino, nikahisi bonde palipotakiwa kuwa na kamba ngumu. Altrasaundi iliyofuata ilikuja kuthibitisha tu.

"Kaka, uliumia lini?" akaniuliza.

Nilitarajia aniulize niliumia vipi. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba swali la tarehe ndilo lililobeba mambo yote. Upasuaji wa kano hii una aina nyingi, na wasomaji wengi, kama mimi wakati ule, hudhani kazi ni kuchagua ulio bora. Lakini nusu ya uchaguzi huwa imeshafanywa na kalenda kabla mgonjwa hajavua kiatu mbele ya daktari.

Kano yenyewe ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Ina urefu wa sentimita 15 hivi. Misuli miwili ya nyuma ya mguu, ule uliotuna ambao wacheza mpira hujivunia na ule bapa uliojificha chini yake, huungana na kushuka kama kamba moja mpaka nyuma ya mfupa wa kisigino. Ndiyo inayokuinua unapopanda ngazi, unaporuka, unapochuchumia kuchukua kitu juu ya kabati. Mtu anapokimbia, hubeba mzigo unaouzidi uzito wake mara kadhaa. Ila ina kipande dhaifu, kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino, kinachopata damu kidogo kuliko kwingine, na mara nyingi hukatikia hapo. Wanaoumia zaidi ni wanaume wa miaka 30 hadi 50, wanaokaa vitini wiki nzima kisha Jumamosi wakakumbuka ujana wao. Nina miaka 44 na kazi yangu ni ya mezani. Sina la kubisha.

Kuna wengine wanaoponzwa na dawa. Sindano za steroidi zinazochomwa karibu na kano ili kutuliza maumivu huidhoofisha. Pia kundi la antibiotiki lenye siprofloksasini ndani yake, ile ambayo wengi tunaijua dukani kwa jina la sipro, lina madhara hayo kwa baadhi ya watumiaji. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza pakiti zake ziwekewe onyo lake kali kabisa kuhusu kukatika kwa kano. Ukizingatia jinsi sipro inavyonunuliwa mtaani kwetu kama karanga, kila tumbo likiuma, jambo hili lingestahili makala yake peke yake.

Kano hii huitwa ya Achilles, jina lililotoka kwa shujaa wa Wagiriki ambaye mama yake alimchovya katika mto wa ajabu asidhurike na silaha, akamshika kisigino, na kisigino hicho kikabaki kikavu. Mshale ukampata papo hapo. Aliyeipachika kano jina hilo ni Philip Verheyen, mwalimu wa elimu ya mwili huko Leuven, katika kitabu chake cha mwaka 1693. Verheyen mwenyewe alikuwa na mguu mmoja, wa pili ulikatwa akiwa mwanafunzi. Sijui kwa nini habari hiyo ilinifariji wodini, lakini ilinifariji.

Wapenzi wa soka watamkumbuka zaidi David Beckham. Tarehe 14 Machi 2010, AC Milan ikicheza na Chievo, alisimama ghafla mpira ukiwa miguuni mwake, hakuna aliyemgusa, akaanza kuchechemea. Alikuwa na miaka 34. Siku iliyofuata alikuwa Turku, Finland, kwenye meza ya daktari Sakari Orava, na Kombe la Dunia la Afrika Kusini likampita. Christian Benteke, Mbelgiji aliyezaliwa Kinshasa, alikatika mazoezini na Aston Villa Aprili 2014, akalikosa Kombe la Dunia la Brazil. Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Los Angeles, alikatika tarehe 12 Aprili 2013, akapiga mitupo yake miwili huru, yote ikaingia, kisha akatoka uwanjani kwa miguu yake. Alirudi kucheza tarehe 8 Desemba mwaka huohuo. Ukizisoma habari hizi haraka utaamini kwamba siri ni daktari wa Finland au pesa za Los Angeles. Angalia tarehe kwanza. Beckham alipasuliwa ndani ya siku moja. Mimi siku ya kwanza nilipakwa mafuta.

Jambo la kwanza aliloniambia daktari lilinishangaza. Alisema kwamba kama ningefika kwake siku ileile, angenipa nafasi ya kutopasuliwa kabisa. Kano iliyokatika ina uwezo wa kujiunga yenyewe, mradi ncha zake mbili zikutanishwe mapema. Unyayo huinamishwa chini, vidole vikielekea ardhini kama vya aliyevaa viatu vya mchuchumio, na ncha zikasogeleana. Mguu ukafungwa hogo au kiatu kirefu cha tiba ukiwa hivyohivyo, kisha ukarudishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Nilidhani ananifariji kwa sababu ya gharama. Hapana. Mwaka 2010, madaktari wa London ya Kanada walitoa matokeo ya wagonjwa 144, nusu walioshonwa na nusu wasioshonwa, wote wakiwa wameanzishiwa mazoezi mapema: kwa walioshonwa kano ilikatika tena kwa watu 2, kwa wasioshonwa watu 3.

Kisha mwaka 2022 wakaja Wanorwei na utafiti mkubwa zaidi. Watu wazima 526 walioingia kwenye hesabu ya mwisho walikuwa wamegawanywa kwa kura katika makundi matatu: wasiopasuliwa, waliopasuliwa kwa mkato wa wazi, na waliopasuliwa kwa mkato mdogo. Baada ya mwaka mmoja, alama zinazopima maumivu, nguvu na uwezo wa kukimbia zilikuwa karibu sawa kwa wote. Tofauti ilikuwa kwingine. Kwa wasiopasuliwa, asilimia 6.2 walikatika tena; kwa waliopasuliwa, kwa njia yoyote ile, asilimia 0.6 tu. Lakini upasuaji nao ulikuwa na deni lake, maana mishipa ya fahamu iliumizwa kwa asilimia 5.2 ya waliopata mkato mdogo na asilimia 2.8 ya waliopata mkato wa wazi, dhidi ya asilimia 0.6 ya wale ambao kisu hakikuwagusa.

Kwa hiyo anayefika mapema ana uamuzi wa kweli wa kufanya, nao si wa daktari peke yake. Mchezaji wa kulipwa, au fundi anayeshinda juu ya ngazi, hataki kusikia habari ya kukatika mara ya pili, atachagua kushonwa. Mwenye kisukari kisichotulia, mvutaji sigara sugu, mzee asiye na haja ya kukimbia, wote hao wana sababu nzuri ya kukiogopa kisu, kwa kuwa ngozi ya hapo nyuma ni nyembamba, haina nyama ya kuilinda, na kidonda kikigoma kufunga kano inachungulia nje. Kidonda cha namna hiyo kinaweza kumweka mtu hospitali muda mrefu kuliko jeraha lenyewe. Ningekuwa mimi, nimefika siku ya kwanza, pengine nisingepasuliwa. Lakini sikufika siku ya kwanza. Siku 11 za kutembea na kuchuliwa zilikuwa zimezivuta ncha mbali, damu imeganda katikati na kovu limeanza kujijenga kwenye pengo. Kuinamisha unyayo tu kusingezikutanisha tena.

"Bado hujachelewa sana," daktari akasema. "Tutashona. Ungekuja mwezi ujao tungeongea lugha nyingine."

Njia ya zamani na inayojulikana zaidi ni ya mkato wa wazi. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, akalazwa kifudifudi. Daktari hupasua sentimita nane hivi nyuma ya mguu, akiegemea upande wa ndani kidogo, kwa sababu upande wa nje unapita mshipa wa fahamu unaoleta hisia kwenye ukingo wa unyayo mpaka kidole kidogo, na pia kovu lililo katikati kabisa lingesuguliwa na kiatu maisha yote. Chini ya ngozi kuna ala nyembamba inayoivika kano na kuilisha damu. Nayo hufunguliwa kwa upole kwa kuwa itahitajika kufungwa tena juu ya mshono. Ndani yake ndimo zilimo ncha. Daktari alinisimulia kwamba hazifanani na kamba iliyokatwa kwa kisu. Zinafanana na kamba ya katani iliyochakaa ikakatika kwa kuvutwa, nyuzi zimetawanyika kila upande kama ufagio.

Kushona ufagio kwa ufagio si kazi nyepesi, uzi hupita katikati ya nyuzi na kuzichana. Ndipo ilipobuniwa mishono inayojifunga yenyewe. Unaotumika sana ni ule ulioelezwa mwaka 1986 na Krackow na wenzake: uzi mnene hupandishwa ubavuni mwa kano kwa vitanzi, kila kitanzi kikikumbatia fungu la nyuzi, ukavuka na kuteremka ubavu wa pili, na vivyo hivyo kwenye ncha ya chini. Ukiuvuta, vitanzi huzidi kubana. Kisha nyuzi za juu na za chini zinafungwa fundo, ncha zikiwa zimekutana.

Hapo katika kufunga fundo ndipo penye ufundi ambao mgonjwa haoni wala hauulizii. Fundo likibanwa mno, kano huwa fupi na unyayo haupandi. Likilegea, kano hupona ikiwa ndefu, na kano ndefu ni kama kamba ya kisima iliyolegea: unavuta, unavuta, ndoo haijainuka. Mtu huyo atatembea, lakini hataweza kusimama kwa ncha ya mguu mmoja. Daktari wangu aliuosha na kuuacha wazi hata mguu mzima, ili aulinganishe na mgonjwa: jinsi unyayo wa kulia ulivyoning'inia wenyewe, na wa kushoto ulipaswa kuning'inia hivyohivyo, au kuinama zaidi kidogo. Mimi nilikuwa macho, ganzi kiunoni kushuka chini, nikisikia redio ya chumba cha upasuaji ikitangaza bei za mazao.

Njia ya pili ni ya matundu. Ma na Griffith waliieleza mwaka 1977. Badala ya kufungua, daktari hutoboa vitundu vidogo pande zote mbili za kano na kupitisha uzi kwa sindano ndefu chini ya ngozi, akivuta ncha zikutane bila kuziona. Kidonda ni kidogo, ngozi haipati shida ya kupona. Tatizo ni uleule mshipa wa fahamu wa upande wa nje, ambao sindano inaweza kuukamata na kuufunga pamoja na kano. Mgonjwa huamka na ukingo wa unyayo umekufa ganzi, au unawaka moto.

Katikati ya njia hizo mbili imekuja ya tatu, ya mkato mdogo wa sentimita mbili tatu tu, mahali ilipokatika. Kupitia hapo huingizwa kifaa chenye mikono miwili, kikateleza ndani ya ala ya kano yenyewe. Sindano hupitishwa kutoka nje kupitia kwenye mikono ya kifaa, na kifaa kikitolewa huburuta nyuzi zote zikabaki ndani ya ala, mbali na mshipa wa fahamu. Daktari anaziona ncha, na ngozi imepasuliwa kidogo. Wengine siku hizi hawafungi fundo katikati kabisa: nyuzi za kipande cha juu huteremshwa mpaka kwenye mfupa wa kisigino na kukazwa humo kwa nanga ndogo, ili mzigo ubebwe na mfupa wakati kano changa inajijenga. Wanaopenda njia hiyo husema inaruhusu kukanyaga mapema. Wenye kusita hujibu kwamba nanga ni ghali na mfupa nao unaweza kulalamika. Nikitazama takwimu za Norwei, naona ubishi huu unapewa sauti kubwa kuliko tofauti iliyopo. Kwangu, mkato wa wazi ulitosha, kwa sababu kulikuwa na damu iliyoganda na kovu la kusafisha, mambo yasiyofanyika kwa kupapasa.

Aliyenifundisha thamani ya tarehe ni mzee wa kitanda cha pili. Alikuwa fundi wa kupaua. Miezi mitano nyuma, ngazi ilimponyoka akatua kwa mguu mmoja, akasikia mlio kama wangu. Kijijini kwao akakandwa kwa maji ya moto na majani, akapata nafuu, akarudi kazini. Ila hakuweza tena kupanda. "Kutembea natembea, mwanangu," aliniambia. "Lakini ngazi inanikataa." Kutoka kituo cha afya alipewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kutoka wilaya akapelekwa ya mkoa, na kila hatua ilikula wiki zake: nauli, foleni, daktari amesafiri. Kwa watu wengi wa nchi hii mabingwa wa mifupa wapo mbali, Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa ya MOI, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, na njia ya kuwafikia ina vituo vingi.

Kano iliyokatika haingoji. Misuli ya juu, ikikosa wa kuishikilia, hujikunja na kupanda. Pengo hujazwa kovu laini lisilo na nguvu. Zikishapita wiki nne hadi sita, madaktari huliita jeraha kuukuu, na kulishona moja kwa moja huwa vigumu. Kovu likishakatwa na kutupwa, pengo hupimwa kwa rula. Likiwa sentimita moja au mbili, ncha bado zinaweza kuvutwa zikakutana. Likifika mbili hadi tano, mkato hurefushwa kuelekea juu, na kwenye utando wa juu wa msuli daktari huchora kwa kisu herufi V iliyopinduliwa, akavuta kipande kishuke, kisha akapashona pakiwa na umbo la Y. Ni hila ya fundi cherehani aliyepungukiwa kitambaa. Wengine hukata ukanda kwenye kano ya juu na kuukunjua chini ufunike pengo, kama anayeshusha pindo la suruali ya mtoto aliyerefuka.

Pengo la yule mzee lilizidi sentimita tano. Hapo hila za cherehani hazitoshi, na huitwa jirani. Mbele ya kano ya Achilles, ndani zaidi, kuna msuli unaokunja kidole gumba cha mguu. Ni msuli wenye nguvu, unafanya kazi wakati uleule mtu anapojisukuma mbele, na nyama yake inateremka chini sana, kwa hiyo unakuja na damu yake mahali penye njaa ya damu. Daktari hukata kano ya msuli huo, akatoboa handaki kwenye mfupa wa kisigino, akaipitisha humo na kuikaza kwa skrubu. Kuanzia hapo kilichokuwa kinakunja dole gumba kinainua mwili mzima.

"Na dole gumba lenyewe?" mzee aliuliza siku daktari alipopita wodini.

"Litabaki, mzee wangu, ila halitakunja kwa nguvu kama zamani. Ndala utavaa. Mbio za mita 100 sikuahidi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Upasuaji wake ulichukua muda mrefu kuliko wangu, kidonda chake kilikuwa kirefu karibu mara mbili, na kilichelewa kukauka. Tulikuwa na jeraha moja, mlio mmoja. Kilichotutenga ni miezi minne na nusu.

Kuhusu kupona nitasema kifupi, ingawa ndiko kulikonimaliza. Wiki mbili za kwanza nilikuwa na hogo, unyayo umeinama, magongo mawili, marufuku kukanyaga. Miguu inapolala hivyo damu hupenda kuganda kwenye mishipa, kwa hiyo niliambiwa nisipuuze shavu la mguu likivimba na kuuma, wala pumzi ikikatika ghafla. Nyuzi zilipotolewa nikavaa kiatu cha tiba nilichoazima kwa shemeji, chenye kabari tatu chini ya kisigino. Kila baada ya muda kabari moja ilitolewa na unyayo ukashuka kidogo. Asiye na shemeji wa namna hiyo asikate tamaa: Waingereza waliwafuatilia watu 540 ambao hawakupasuliwa, wengine wakivaa hogo na wengine kiatu, na mwaka 2020 wakatangaza kwamba baada ya miezi tisa hawakuona tofauti ya maana, waliokatika tena walikuwa asilimia 6 kwa hogo na 5 kwa kiatu.

Binti wa fiziotherapia, ambaye kila siku alinisalimu shikamoo kabla ya kunitesa, alikuwa na amri moja kuliko zote: nisijinyooshe. Kila rafiki aliyekuja kunijulia hali alinihimiza niuvute ule mguu ukutani ulegee. "Baba, ukiuvuta sasa utairefusha kano, na kurefuka hakurudi," alisema. Kazi yangu ilikuwa kujenga nguvu, kwanza nimekaa, kisha nimesimama kwa miguu miwili nikishika meza, nikipanda na kushuka kwa visigino. Kupanda kwa mguu wa kushoto peke yake nilikuja kuweza mwezi wa tano, jikoni, nikisubiri chai ichemke. Nilipanda kiasi cha unene wa kidole, nikamwita mke wangu aje aone. Alikuja, akatazama, akaniuliza kama chai imechemka.

Sasa ni mwezi wa kumi. Nakimbia polepole, shavu la kushoto bado jembamba kuliko la kulia, na maveterani wamenipa kazi ya kushika kibendera pembeni. Jumamosi iliyopita winga wetu alianguka mbele yangu kabisa, akashika nyuma ya mguu, akageuka na macho ya hasira kumtafuta mtu. Moyo ukanipasuka. Mzee wetu akaja mbio na chupa yake. Nikamwomba, kwa heshima zote, aiweke chini kwanza. Nikamlaza kijana kifudifudi kwenye nyasi, nikamvua soksi, nikapapasa juu ya kisigino, nikaliminya shavu la mguu.

Unyayo ukainama. Nikaminya tena, ukainama tena.

Nikainua kibendera. Kweli alikuwa amepigwa teke.